Reale za Mzinga za Mama Mkwe

Seif kafa mwezi uliopita huko Maskati, na habari ilinifikia nikiwa nakaanga bagia. Sikulia. Niligeuza zilizokuwa kwenye mafuta, nikazitoa moja moja, nikazima jiko, ndipo nikavuta kiti cha jikoni nikakaa na kusema innalillahi. Mume mliyeachana bila kugombana, mkaachanishwa na masafa na makaratasi, humlilii kama mjane anavyolia, wala humsahau kama anavyosahauliwa mtu baki. Unabaki hapo katikati na mwiko mkononi. Wiki iliyofuata akanipigia simu binti yake, Maryam, aliyemzaa na mke aliyemuoa baada yangu. Nilikuwa nikimjua kwa picha tu. Akasema, "Mama Zeyana, naja London kumtazama mwanangu anayesoma huko. Nina amana yako. Baba kaniusia niitie mkononi mwako mwenyewe."

Akaja Jumapili, hapa kwangu Ilford, na boksi la halua mkobani. Mimi na mjukuu wangu Leila tulikuwa tumeshaandaa meza: bagia, mkate wa kumimina, chai ya maziwa yenye iliki. Maryam hata kipande hakukata. Alifungua leso, akanitilia kiganjani kipande cha fedha, kipana, kizito, cheusi kama sufuria iliyosahauliwa motoni. "Baba kasema hii si yake. Ni ya mama yake, na kwa kuwa mama yake keshatangulia, basi ni yako. Ameiweka maisha yake yote, hata siku alizokuwa hana kitu hakuiuza." Niliigeuza karibu na dirisha. Mizinga miwili imesimama, kati yake dunia mbili zimekumbatiana juu ya mawimbi, na taji juu yao. Leila, ambaye anakisikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza chote, akainyakua, akasema ngoja ailoweke kwa magadi na ndimu, sasa hivi itang'aa kama imetoka kiwandani. Nikampigia ukelele, "Wacha! Usiiguse!" hadi Maryam akamwaga chai kwenye kitambaa cha meza. Wakanikodolea macho wote wawili. Na mie mwenyewe nilishtuka, maana sikujua kama sauti ile bado ninayo.

Basi niliwahadithia mwaka ule wa reale, na sasa nauandika, kwa sababu kuusema mara moja hakukunitosha. Tulikuwa Tottenham, miaka michache baada ya mapinduzi, mimi na mama mkwe wangu, Bi Thuweba, kwenye chumba cha juu cha nyumba ya Bi Gloria, mjane wa Kijamaika aliyekuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Kitanda kimoja, mama mkwe ukutani, mie ukingoni kwa ajili ya tumbo langu la mimba. Karatasi za ukutani zilikuwa na maua yaliyokuwa mekundu zamani. Kulikuwa na hita ya mafuta ya taa iliyotuachia harufu kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye chumvi, na jiko dogo la gesi lenye mita ukutani iliyokula shilingi. Mama mkwe akiiita mita ile Bwana Mkubwa. "Mpe Bwana Mkubwa chakula chake kwanza, ndio na sie tule." Wakati mwingine wali ulikuwa haujakauka, gesi ikazimika puu, tukatazamana, hakuna mwenye shilingi. Tukala wali wa maji. Siku moja nikamtania, "Mama, si umtilie Bwana Mkubwa reale yako moja?" Akacheka hadi akashika ubavu. "Itamkwama kooni, mwana we! Huyu kazoea vyembamba."

Reale zenyewe zilikuwa tisa. Alizirithi kwa bibi yake, aliyekuwa akinunua sandarusi, ule utomvu mkavu wa miti, bara na kuwauzia wafanyabiashara wa Kihindi pale Forodhani, na hakupokea malipo ya namna nyingine. Wengi mjini walikuwa na reale za Sham, zile zenye sura ya mwanamke mnene. Zake yeye zilikuwa za mzinga, za Kispanyola, za zamani zaidi, na hilo alikuwa hakubali lisahaulike. "Ya Sham ni fedha," akisema. "Ya mzinga ni fedha mama yao." Siku tulipoondoka Unguja alizifunga kwenye kitambaa cha nta, akazitia ndani ya nailoni, akazilaza chini kabisa ndani ya chupa kubwa ya achari ya ndimu. Yule aliyekuwa akipekua mizigo bandarini alifungua kifuniko, harufu ikampanda puani, akakifunga mwenyewe kwa haraka na kusema, "Pita, mama, pita." Ilikuwa ndiyo hadithi yake anayoipenda kuliko zote, na kila akiihadithia, mpekuzi alizidi kupiga chafya. Tisa zilitoka Unguja, nane zikafika London. Moja alimpa Seif uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. "Sikupi," akamwambia. "Nakuazima. Utaniletea mkononi mwangu."

Maana Seif alibaki. Pesa zilitosha tiketi mbili, na yeye ndiye aliyesema tutangulie sisi, mama yake kwa utu uzima wake na mie kwa hali yangu. Yeye kibali chake cha kuingia Uingereza kilikuwa kimeshapatikana, kwa taabu ambayo sitaki hata kuikumbuka, lakini kibali kile kilikuwa na mwisho: mwisho wa mwezi wa sita. Akipita tarehe ile bila kukanyaga London, kibali ni karatasi ya kufungia karanga. Na maneno yalikuwa yameshaanza kuzagaa, kwenye basi, kwenye redio ya Bi Gloria, kwamba mlango utafungwa, kwamba tumekuwa wengi. Kwa hiyo toka tuliposhuka kwenye ndege, mwezi wa kwanza, kwenye baridi ambayo ilimfanya mama mkwe aulize kama ni adhabu, tulikuwa na jambo moja tu: tiketi ya Seif. Tukiamka ni tiketi, tukilala ni tiketi. Nilipata kazi dobini, kwenye hospitali, kukunja mashuka, tumbo likinitangulia mezani. Mshahara ukitoka, nusu ya kodi, nusu ya chakula na Bwana Mkubwa, na kinachobaki ukikitia kwenye kopo hakitoi hata sauti. Seif alikuwa akilala kwa watu, Kariakoo, kwenye kitanda cha zamu. Nikimfikiria nikiwa nakunja shuka la mgonjwa nisiyemjua, machozi yakinitoka bila ya kunishauri.

Mama mkwe naye alitafuta la kufanya. Alikuwa ametoka Unguja na mizani yake ndogo ya shaba, ile ya kupimia udi, na jiwe lake la mizani lilikuwa reale. Kwao ndivyo ilivyokuwa: reale ilikuwa pesa na ilikuwa kipimo. Udi wa reale moja, sukari ya reale tatu, ambari kidogo, mawaridi. Alipika udi kwenye sufuria ya Bi Gloria hadi nyumba nzima ikanukia, na mabibi wawili watatu wa Kiunguja waliokuwa London wakati huo wakanunua. Kisha wakawa wameshanunua. Hakuna wengine. Ikafika siku mwezi wa tano, tumekaa tunakula mkate na sadini, akaweka mkate chini na kusema, "Zeyana. Ziuze."

Nikajua anasema nini, nikajifanya sijui. "Niuze nini, mama?"

"Usinitie uchungu mara mbili. Ziuze reale. Mfa maji haishi kutapatapa, na mie mwanangu anazama."

Nikachukua moja, nikaifunga kwenye leso, nikapanda basi hadi katikati ya mji, kwenye kichochoro karibu na jumba kubwa la makumbusho ambako niliambiwa wako wanaonunua sarafu za kale. Duka lilikuwa jembamba, na mwenyewe mzee wa Kizungu mwenye kioo cha kukuzia alichokibana kwenye jicho. Nilitazamia atanifukuza. Aliipokea reale kwa ncha za vidole, kwa ukingo, kama mtu anayepokea yai. Akaiweka kwenye mizani. Akaniuliza nimeipata wapi, nikamwambia nyumbani, Unguja, akafurahi kama aliyetajiwa ndugu yake. Akanivutia stuli. Akanieleza kwamba fedha ile ilichimbwa kwenye milima ya Amerika, ikapigwa chapa Meksiko kwa jina la mfalme wa Spania, ikapakiwa merikebu kuvuka bahari mbili, ikaenda Manila, Uchina, Uhindi, Arabuni, na popote ilipofika ikapokewa, kwa sababu uzito wake haukuwa ukidanganya. Akanionyesha alama ndogo ndogo usoni mwake ambazo mie nilidhani ni mikwaruzo. Kumbe ni mihuri ya wafanyabiashara wa Kichina. Kila aliyeipima akaikubali, aliigonga muhuri wake, ikaendelea na safari. Nikamwambia sisi tunaiita reale ya mzinga. Akacheka kwa upole, akasema ile si mizinga, ni nguzo, nguzo mbili za mlango wa bahari, na maneno yake yanasema kwamba mbele ya mlango huo kuna zaidi.

Nilikaa pale kwenye stuli na koti langu la kuazima, na moyo ulinichoma. Kipande cha fedha kimezunguka dunia nzima na hapana aliyekiuliza pasi. Wakikigonga juu ya jiwe, wakikisikiliza, wakikipima, wakisema karibu. Na mume wangu ana kibali chenye picha na muhuri na saini, mtu wa damu na nyama, mwenye mke na mama na mtoto tumboni, yupo Kariakoo anangoja zamu ya kitanda. Nilitaka kumwambia yule mzee, nikaona atanionea huruma, na huruma nilikuwa nimeichoka. Akataja bei ya ile moja. Nikashika meza. Mara nane, tiketi imepatikana na chenji inabaki, tena si chenji ya kuchezea. Akasema hawezi kununua moja moja, ana mteja wake mkubwa atakayezitaka zote pamoja, kwa hiyo nirudi Jumamosi. "Zilete kama zilivyo," akaniambia mlangoni. "Usizifanye lolote." Hakusema kwa nini, na nani angemuuliza? Nilirudi Tottenham nikiwa sioni basi wala barabara.

Nilipomueleza mama mkwe, alisujudu pale pale kati ya kitanda na hita. Kisha akataka kusikia yote, toka mwanzo, neno kwa neno, kafanya nini, kasema nini, kakuvutia kiti? Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia, "Na mwisho kasema tuzipeleke hivi hivi zilivyo, tusizifanye lolote."

Mama mkwe akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mstaarabu yule. Kazaliwa na watu."

Na mie nikaitikia, "Kweli, mama."

Ni lazima nieleze hapa, maana Leila hakuelewa hata kidogo, ikabidi Maryam amfahamishe. Kwetu mtu mwenye adabu zake hukwambia njoo hivyo hivyo, usijisumbue, usilete kitu. Ndiyo heshima yake kwako. Na heshima yako kwake ni kwamba usimsikilize. Ukialikwa ukaambiwa njoo mikono mitupu, ukaenda mikono mitupu, utasemwa hadi wajukuu. Kwao bibi harusi wanaambiwa na mama mkwe mtarajiwa, tunamtaka kama alivyo, na wao wanamuogesha siku saba. Kitu kinachotoka nyumbani mwako kwenda mkononi mwa mtu kinatoka kimeoshwa, kimenukia, hata kama ni sinia la watu unalirudisha. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Yule mzee kanena kiungwana, na sisi tutamjibu kwa vitendo. Haikumpitikia mama mkwe hata chembe kwamba Mzungu yule alikuwa anasema alichokuwa anasema. Haikunipitikia hata mie, na mie ndiye niliyekisikia Kiingereza chake.

Alizifanyia kazi siku zote nilizokuwa dobini. Alimuomba Bi Gloria jivu la makaa ya kwenye sebule yake, akalichekecha kwa kitambaa cha buibui likawa laini kama unga. Alinunua nazi kwa wachuuzi wa Kijamaika sokoni, si kwa tui, kwa kumbi lake. Ukwaju alikuwa nao. Ndimu akazipata. Ijumaa niliporudi, alikuwa amezipanga nane zote juu ya kanga nyeupe kitandani, na chumba kile cha kijivu kilikuwa kinameta. Ziliwaka, wallahi. Mizinga ilikuwa imesimama wima, mtu angedhani imechongwa asubuhi ile. Vidole vyake vilikuwa vimechunika, amevifunga kwa vitambaa. "Unaonaje, mwanangu? Tutaaibika?" Nikasema, "Mashaallah, mama, hatuaibiki." Bi Gloria alipanda ngazi akaja kutazama, akaweka mkono kifuani. Tulizifukiza udi, tukazifunga kwenye leso yake ya hariri.

Yule mzee aliifungua leso. Nilikuwa namtazama uso, kwa sababu nilitaka kumuona akifurahi. Uso ukamsawijika. Akachukua moja, akakibana kioo kwenye jicho, akaiweka, akachukua nyingine. Hata mkono wake ulikuwa hautaki kwenda kwa ya tatu. "Mmezifanya nini?" akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya hasira, afadhali ingekuwa ya hasira. Akanieleza polepole, kama daktari. Kwamba ule weusi ndio ulikuwa thamani yake. Weusi ule ni umri, unachukua miaka mia mbili kujengeka, ndio unaowathibitishia wanunuzi kwamba hakuna aliyeichezea. Kwamba jivu limekwaruza uso wote, kwamba mihuri ya Wachina imeliwa kingo. Mteja wake hatozishika hata kwa fimbo. Nikamuuliza sasa ni kiasi gani. Akasema kwa uzito wa fedha tu, za kuyeyushwa, na akataja kitu ambacho hakingemfikisha Seif hata Nairobi. Nikamuuliza tena, kwa sababu nilidhani Kiingereza changu kimenikosea. Akarudia. Nikamwambia mume wangu kibali chake kinakwisha. Akavua kioo chake, akasema anasikitika sana, na ninaamini alisikitika. Nilikwenda maduka mengine yote ya kichochoro kile, tumbo mbele, leso mkononi. Mmoja aliniambia kabla hajazigusa, kutoka ng'ambo ya meza: "Aa, zimeoshwa."

Nilitembea. Sijui nilipita wapi. Nilijiuliza nimwambie nini yule mama, ambaye nilimuacha anapika pilau, pilau ya kweli, nyama alikopa buchani kwa dhamana ya Bi Gloria, anampikia mwanawe aliye njiani. Nikimwambia kweli, nitakuwa nimemwambia: wewe, kwa mikono yako hiyo iliyochunika, umemfungia mwanao mlango. Kuna maneno ambayo ukiyasema yanaua, tena hayaui upesi. Nilipofungua mlango harufu ya bizari ilinipokea ngazini. Nikasema, "Mama, kasema biashara imeanguka. Mteja wake kasafiri. Kasema tusubiri kidogo."

Alisimama na upawa mkononi. Hakulia. Alinitazama usoni muda mrefu, nikadhani kanisoma. Kisha akasema, "Hapana. Unanificha."

Nikaweka leso kitandani.

"Hakuridhika na weupe wake," akasema. "Niliona mwenyewe. Ile moja ilibaki na weusi ndani ya taji, nikasema ah, hatoona, nimechoka mkono. Kumbe kaona. Mtu wa kazi yake ataachaje kuona?" Akanipakulia pilau. Tukala, kwa sababu ilikuwa imeshapikwa. Kesho yake nilipokwenda kazini alikuwa ameshakaa chini, miguu ameinyosha, sahani ya jivu mapajani, anasugua.

Na hivyo ndivyo ulivyokwenda mwaka ule. Nikirudi mchana nikipanda ngazi, nilikuwa naisikia kabla sijafika: shaa, shaa, shaa, kumbi juu ya fedha. Nikimwambia, "Mama, zimeng'aa, pumzika," akinijibu, "Bado, bado, yule bwana ana jicho." Nikishindwa kumzuia, kwa sababu ningemzuia kwa lipi isipokuwa kweli? Bi Gloria alikuwa na upatu wao na wenzake wa kanisani, akakimbilia kuwaomba watupe sisi zamu, lakini zamu ya mwezi ule ilikuwa ya mama aliyekuwa akimleta mtoto wake kutoka Jamaika, na mtoto ni mtoto. Wa kutukopesha walikuwa wenyewe hawana. Mwezi wa sita ukaingia. Siku ya mwisho yake ilikuwa siku nzuri ya jua, watu wamekaa nje kwenye ngazi za nyumba zao mikono wazi, watoto wanachezea mpira. Mama mkwe aliuliza saa, akauliza tena, akauliza tena. Kisha hakuuliza. Mtoto wangu Amina alizaliwa wiki mbili baadaye, na jicho la kwanza lililomtazama baada ya wakunga lilikuwa la Bi Gloria, maana bibi yake alikuwa nyumbani anasugua reale na hakutaka kuziacha.

Seif aliomba kibali kipya. Wakati anangoja jibu, sheria ikabadilika, mlango ukafungwa kama watu walivyokuwa wakisema kwenye basi. Tulikuwa tumechelewa kwa tiketi moja. Mama mkwe alishikwa na kichomi baridi ilipoingia, akalala kwenye kitanda kile kile, ukutani, na mie ukingoni na mtoto kifuani. Homa ikimpanda, mkono wake ulikuwa ukienda wenyewe juu ya blanketi, shaa, shaa, hauna kitu. Siku moja alasiri aliniita karibu. Nilidhani ananiusia habari ya sanda. Akasema, "Zeyana, nilichelewa kuanza. Ningezianza toka tulipofika, mwezi wa kwanza, zingekuwa safi." Nikamshika ule mkono. Nikasema, "Zilikuwa safi, mama. Zilikuwa safi kuliko zote alizowahi kuona." Akafumba macho. Alikufa kabla ya magharibi, na mie sikumwambia, na siku nyingine nikijiuliza kama nilifanya vyema, jibu langu ni lile lile: ningefanya tena hivyo hivyo.

Baada ya miaka miwili Seif alipata njia ya kwenda Maskati. Alinitumia neno kwa msafiri kwamba mie bado mdogo, nisijifungie kwa ajili yake, na kwamba yeye hana kinyongo. Nilimjibu kwamba na mie sina. Hakuna mtu wa kumlaumu, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ukiwa na adui unamlaani, unalala. Mie ningemlaani nani, adabu?

Niliwaeleza yote hayo Jumapili ile, na chai ikapoa. Leila alikuwa amekaa sakafuni kama mtoto, ingawa ana kazi yake na gari lake. Nikamtuma chumbani kwangu aniletee chupa ya achari iliyo juu ya kabati, ile ya mama mkwe, na boksi la mizani ya shaba. Nikazimwaga zile nane mezani. Maryam aliziokota moja baada ya nyingine akitafuta mizinga. Hakuna mizinga. Kwenye mbili tatu unaona kivuli chake ukizielekeza dirishani, nyingine ni nyeupe tupu, laini kama kokoto ya mtoni. Nikaitundika mizani kwenye kidole, kama nilivyokuwa nikimuona Bi Thuweba akiitundika. Sahani ya huku nikaweka ile nyeusi ya Seif. Sahani ya kule nikaweka moja ya nyeupe. Bibi wa Bi Thuweba, yule wa sandarusi, aliziamini fedha hizi kwa kuwa zote zilikuwa na uzito mmoja, duniani kote. Ile nyeusi ikashuka hadi mezani, na ile nyeupe ikapanda juu, ikabaki inaning'inia.

Maryam akaigusa kwa kidole. "Mbona hii imepungua hivi, mama? Imekatwa?"

"Haikukatwa, mwanangu," nikamwambia. "Hivyo ndivyo bibi yako alivyomngoja baba yako."